Sura ya Tano: Maua Tele, Vipepeo Hawaonekani

Wanaoniuliza swali hili ni watu wanaojitahidi kweli. Wamepata kiwanja, wamejenga, bogenvilia imepanda ukutani, miashoki imesimama mstari mmoja getini, ukoka unakatwa kila wiki na mpira wa maji hautoki bustanini. Halafu wanasema: utotoni, kwa bibi, vipepeo walikuwa wanapita makundi kwa makundi. Hapa kwangu kuna maua ya kila rangi, mbona sioni hata watatu?

Wengine huuliza kuhusu ndege, kwamba siku hizi asubuhi wanasikia kunguru tu. Wengine huuliza kuhusu nyuki. Jibu ni lile lile, na linaanzia kwenye majani.

Kipepeo unayemwona akiruka ni mkubwa aliyemaliza kukua. Hatafuni, ana mrija tu wa kunywea. Huzunguka kwenye maua kutafuta nekta, yale maji matamu yaliyomo ndani ya ua. Lakini kabla ya kuwa kipepeo alikuwa kiwavi, na kiwavi hana haja na ua lako la rangi. Yeye hula majani, usiku na mchana, mpaka ashibe kiasi cha kubadilika umbo. Bustani yenye maua mengi huwapa wakubwa kinywaji. Kama haina majani yanayofaa, watoto wao hawana chakula, na mama kipepeo analijua hilo. Atakunywa, ataondoka, atakwenda kutaga kwingine. Siku hizi, katika mitaa mingi, hicho "kwingine" hakipo tena.

Kwa nini kiwavi anachagua

Mti hauwezi kukimbia, kwa hiyo hujilinda kwa kemikali. Kuna majani machungu, kuna yenye sumu, kuna yanayonata utomvu. Mdudu aliyeishi na mti fulani kwa vizazi vingi mno amepata njia ya kuila sumu hiyo bila kudhurika. Ila ujuzi wake ni finyu: amezoea mti huo na ndugu zake, basi. Mpe jani la mti uliotoka bara jingine na mara nyingi atakufa njaa akiwa juu yake.

Mwarobaini ni mfano mzuri. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani, na majani na mbegu zake zina kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo huwafanya wadudu wengi waache kula na washindwe kukua. Ndiyo sababu wakulima wanatwanga mbegu zake kutengeneza dawa ya mimea. Nyuki hufika kwenye maua yake, na ndege na popo hula matunda, jambo linaloufanya ujioteshe wenyewe mpaka kwenye vichaka vya pwani. Lakini majani yake hubaki mazima, hayana tundu. Kwa mwenye nyumba jani zima ni sifa. Kwa wadudu, mti huo ni ghala lililofungwa.

Mmea wa asili ni upi hasa

Katika kitabu hiki, mmea wa asili ni ule uliokuwa ukiota hapa kabla mtu hajauleta kutoka ng'ambo. Hapo wengi hushangaa, maana miti tunayoiita yetu mingi ni wageni waliokaa muda mrefu. Mwembe ulitoka Asia ya Kusini. Mwashoki ulitoka India. Jakaranda na bogenvilia zilitoka Amerika ya Kusini. Mkrismasi, ule unaowaka maua mekundu mwezi wa Desemba, kwao ni Madagaska.

Sisemi uchukue shoka. Mwembe una kivuli na unalisha familia, na maembe yaliyooza chini huvuta vipepeo wakubwa wanaopenda majimaji ya matunda. Uache. Ninachosema ni kwamba ukishakuwa na mwembe, mwarobaini na ukoka, mti wa nne na wa tano usiwe tena mgeni.

Wala usidhani mimea ya kwetu ni ya porini tu, isiyo na sura ya kuwekwa getini. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona milimani Usambara mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, akaupeleka kwao. Wakauita Saintpaulia, na leo ni miongoni mwa mimea ya kwenye vyungu inayouzwa zaidi duniani. Watu wa Ulaya na Marekani wanauweka dirishani kwa fahari. Nimewahi kuwauliza wauza miche wa barabarani Dar es Salaam kama wanao, na wengi hawaujui kabisa. Hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Simama kwenye ndimu yako

Kama una mndimu au mlimau, hata wa kwenye ndoo, huhitaji kuniamini kwa maneno. Nenda ukatazame majani machanga, yale ya kijani kibichi kwenye ncha za matawi. Baada ya mvua, mara nyingi utaona yai moja la manjano hafifu, duara, lenye ukubwa wa kichwa cha pini. Mama hutaga moja hapa, moja pale.

Kinachotoka kwenye yai ukikiona utadhani ni kinyesi cha ndege: cheusi na kahawia, na doa jeupe katikati. Ndivyo anavyojificha. Ndege hapotezi muda kudonoa kinyesi. Akikua, hujivua ngozi mara kadhaa, na katika ngozi ya mwisho hugeuka kijani chenye mikanda ya kahawia, akafanana na jani alilolalia. Mguse taratibu kwa kijiti. Nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na utasikia harufu kali. Hiyo ni silaha yake ya kuwafukuza siafu na nyigu. Haina madhara kwako.

Akishiba hujifunga kwenye tawi kwa uzi mmoja kiunoni, akawa pupa, yaani hatua ya kutulia ambamo mwili mzima unajengwa upya. Wakati wa joto, kama wiki mbili baadaye, hutoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, na jicho jekundu kwenye bawa la nyuma. Umemwona mara nyingi. Ni huyu.

Jambo lenye maana zaidi ni hili: ndimu na limau asili yake ni Asia, lakini kipepeo huyu ni wa Afrika. Kabla ndimu hazijafika pwani yetu viwavi wake walikula nini? Walikula miti ya ukoo uleule wa ndimu iliyokuwepo hapa, kama mjafari, ule mti wenye miiba minene kwenye shina na majani yanayonukia ukiyaponda, ambao wazee wanautumia kwa dawa. Ndimu zilipokuja, kipepeo alitambua harufu ya ukoo, akahamia. Wageni wasio na ndugu hapa hawapati bahati hiyo.

Ndimu ndogo ya futi mbili inaweza kubakizwa vijiti na viwavi watano tu, nalijua hilo. Usipulize dawa. Ukiwa na mjafari pembeni wahamishie huko pamoja na tawi walilokalia. Mndimu mkubwa hauna haja ya msaada. Majani yake yatarudi.

> Kwa ufupi: Ua humlisha kipepeo, jani humlisha kiwavi. Kiwavi hula majani ya mimea aliyoizoea tangu asili au ya ndugu zake. Bustani ambayo hakuna jani lililotobolewa ni bustani ambayo haimlishi mtu.

Ndege hula nini nyumbani kwako

Tukubaliane kwamba viwavi hawakusisimui. Unataka ndege. Basi ujue kwamba ndege wadogo wengi, hata wale wanaokula mbegu au kunywa nekta, huwalisha makinda yao wadudu. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda na manyoya ya kung'aa, anajulikana kwa kunyonya maua. Lakini akiwa na makinda utamwona akiokota viwavi na buibui. Kinda linahitaji nyama laini ili liote manyoya upesi, na kiwavi ni nyama laini isiyo na gamba.

Mmarekani Douglas Tallamy, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Delaware, amelieleza jambo hili kwa hesabu inayoshtua. Kuna ndege mmoja mdogo wa kwao, mwepesi kuliko barua, ambaye jozi yake inahitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulea makinda ya kiota kimoja. Ndege wetu ni wengine na hesabu zao ni zao, ila kanuni ni hiyohiyo. Ukipanda miti isiyoliwa na viwavi, umepanda miti ya kutua, si ya kulelea.

Halafu kuna kunguru. Kunguru huyu wa mijini mwenye shingo ya kijivu ni mgeni kutoka Bara Hindi, aliyefikia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na anakula mayai na makinda ya wenzake. Ukuta mtupu na mwashoki mwembamba havifichi kiota. Kichaka kinene chenye miiba kinasaidia, ndiyo maana baadaye nitausifu sana mtandamboo.

Wanaojua tayari

Ukifika Gede, katika Kaunti ya Kilifi, karibu na magofu ya mji wa kale, utakuta mradi uitwao Kipepeo. Ulianza mwaka 1993 pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu wanafuga vipepeo: wanawaweka majike ndani ya vyumba vya neti watage, wanalisha viwavi, kisha pupa zinauzwa nje ya nchi kwa majumba ya maonyesho ya vipepeo hai. Kazi kama hiyo imefanyika Amani, Usambara Mashariki, na Pete, Unguja, karibu na msitu wa Jozani.

Mkulima wa namna hii hawezi kujidanganya. Kiwavi asipokula, hakuna pupa, hakuna fedha. Kwa hiyo anachojua kwanza ni jani: kipepeo huyu na mti huu, yule na mti ule. Wengine wameotesha miti hiyo ya msituni karibu na nyumba zao ili wasitembee mbali kila siku kutafuta majani. Yaani hao wamefanya, kwa ajili ya riziki, kile ninachokuomba ufanye kwenye kiwanja chako cha mita 20 kwa 20. Kimefanya kazi.

Faida inayofika mezani

Mipapai mingi ina miti dume na miti jike, na chavua, ule unga wa ua dume, lazima ubebwe mpaka kwenye ua jike. Uchunguzi uliofanyika Kenya umeonyesha kwamba wabebaji wakuu ni nondo wakubwa wanaoruka kwa kasi wakati wa machweo, wale wanaosimama hewani mbele ya ua huku mabawa hayaonekani. Nondo hao nao walikuwa viwavi, na viwavi wao wanahitaji vichaka vya asili vilivyo karibu na shamba. Kufyeka kila kichaka kuzunguka mipapai ni kuwafukuza vibarua wasiolipwa.

Pesheni hutegemea nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu. Huyo haombi maua tu. Anataka gogo kavu la kutagia. Ukikata tawi, mwachie kipande kinene mahali pakavu nyuma ya nyumba, vinginevyo atakwenda kwenye kenchi za paa lako.

Nyoka na mbu

Hili ndilo linalowazuia watu, na si woga wa kijinga. Tulizungumze wazi.

Nyoka haji kwa sababu mti ni wa kienyeji. Anakuja kufuata panya na vyura, na anakaa palipo na maficho: rundo la matofali yaliyobaki, mbao za ujenzi, vifuu, majani marefu yasiyopitwa. Viwanja vingi vinavyoogopa mjafari vina hivyo vyote nyuma ya jiko. Ondoa marundo, weka takataka kwenye pipa lenye mfuniko, acha mita mbili za ardhi wazi kuzunguka nyumba na vichaka vikae ukutani mwa uwanja, si ukutani mwa chumba. Usiku tembea na tochi. Hufuti hatari yote, ila unaipunguza pale inapotoka.

Mbu hazaliwi kwenye majani. Anazaliwa kwenye maji yaliyosimama, na wakati wa joto yai huweza kuwa mbu anayeruka katika muda wa siku saba hadi kumi. Kwa hiyo kila wiki mwaga maji ya makopo, matairi, visahani vya vyungu na vifuu. Tena kuna mmea wa asili utakaokufaa hapo: kivumbasi. Watu wa vijijini wanauchoma au kuuning'iniza kufukuza mbu, na maua yake madogo hujaa nyuki kutwa nzima.

Uanze na nini

Usipindue bustani yote. Chagua kona moja, au upande mmoja wa ukuta. Mimi ningeanza na hivi:

- Mtandamboo, kwa uzio. Una miiba, maua meupe yanayonukia, na matunda meusi yanayoliwa na ndege na watoto. Mizizi yake hutiwa kwenye supu. Sijui uzio mwingine unaotoa vyote hivyo.
- Mjafari, mmoja tu unatosha. Uweke mbali na njia kwa sababu ya miiba.
- Mshubiri wa kwetu, kwa ajili ya chozi. Huchanua hata ukame ukiwa mkali, na hukubali kukaa kwenye ndoo.
- Kivumbasi, pembeni mwa mlango wa jiko.
- Tikini, majani yanayotambaa yenye viua vyeupe, ambayo pwani watu huyala kama mboga. Viwavi wa kipepeo mdogo mweusi mwenye madoa ya buluu kwenye mabawa ya nyuma hula majani yake. Tikini hukubali kivuli, na mahali ukoka unapokataa kuota yenyewe huota.
- Mwamba-ngoma, kwa walio bara na wenye nafasi. Huchanua maua mekundu ukiwa hauna jani hata moja, na huota kwa kipandikizi cha tawi.

Kama umepanga chumba na huna uwanja, ndoo tatu zinatosha: mshubiri, kivumbasi na ndimu. Viwavi watakuja hata ghorofani.

Mkuyu nimeuacha nje ya orodha kwa makusudi. Mizizi yake itatafuta mabomba na shimo la choo chako. Lakini kama unakaa kwenye kamati ya shule, msikiti au kanisa lenye eneo kubwa, upiganie mkuyu. Maua yake yamejificha ndani ya tunda lenyewe, na nyigu mdogo wa milimita chache huingia kwenye tundu dogo kuyachavusha. Mkuyu una nyigu wake maalumu, na matunda yake hulisha njiwa, hondohondo, popo na kima. Mti mmoja namna hiyo una kazi kuliko bustani zetu kumi.

Unavyoendelea

Miche ya asili haipo kila mahali barabarani. Jaribu vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kwa walioko Kenya, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Muguga. Kwa muuza miche wa mtaani, nenda na tawi lenye majani au picha kwenye simu, kwa sababu majina hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya na utauziwa kitu kingine. Mwombe akuoteshee; akiona kuna wateja ataotesha. Usiende kung'oa miche Pugu wala Kazimzumbwi. Misitu hiyo ya Kisarawe ni mabaki ya msitu wa pwani, na haina ziada ya kutugawia.

Dawa za kuulia wadudu ziache. Hapa nasisitiza pia juu ya dawa ya mwarobaini, maana watu wanadhani kitu cha miti hakidhuru. Imetengenezwa kukomesha viwavi na itawakomesha hao uliowaita. Palipo na vidukari kwenye mboga, tumia maji ya mpira kuwaangusha, au toa jani lenyewe.

Taa za ulinzi zinazowaka usiku kucha huwavuta nondo mpaka wanaishiwa nguvu ukutani. Taa inayowaka mtu anapopita inalinda vizuri zaidi, na bili inashuka.

Mtunza bustani wako umweleze mapema, kwa heshima, kwamba majani yaliyotobolewa ni kazi inayokwenda vizuri. La sivyo atayakata yote siku ambayo hupo, akidhani anakusaidia, na hatakuwa na kosa. Muonyeshe yai na kiwavi. Niliowaona wakionyeshwa mara moja wamekuwa walinzi wakali kuliko wenye nyumba.

Panda masika yakianza, mwezi wa Machi, kuliko vuli, kwa sababu mche unapata wiki nyingi za mvua kabla ya jua kali. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya kiriba, rudisha udongo uleule uliochanganywa na samadi iliyooza, funika kwa majani makavu bila kugusa shina. Kiangazi cha kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki, maji mengi kwa wakati mmoja badala ya kidogo kidogo kila siku, ili mizizi ishuke. Kiangazi cha pili mimea mingi niliyoitaja itajitegemea, isipokuwa iliyo kwenye ndoo.